Gharama ya kusubiri: kwa nini seva hukwama huku prosesa imelala

Matokeo ya mtihani wa taifa yanapotangazwa, tovuti inayoyabeba hukwama, na maelezo yanayotolewa hayabadiliki: watu wamekuwa wengi, seva imezidiwa, uwezo utaongezwa. Mara nyingi maelezo hayo hayagusi tatizo lenyewe. Ukiingia kwenye seva hiyo wakati huo na kuandika `top`, amri inayoonyesha matumizi ya prosesa na RAM, unaweza kukuta prosesa karibu haina kazi, RAM imejaa, na foleni ya wateja haisogei. Kilichokwisha ni nafasi za kusubiri. Kununua mashine kubwa zaidi bila kugusa namna seva inavyosubiri ni kumwaga fedha, na kwa taasisi ya umma ni fedha za walipa kodi.

Tufanye hesabu. Ukurasa wa matokeo una kilobaiti 120. Maombi yanaingia 400 kwa sekunde, na kila ombi linahitaji milisekunde 2 za prosesa. Hizo ni milisekunde 800 za kazi katika kila sekunde, yaani hata kiini kimoja cha prosesa hakijajaa. Sasa, idadi ya wateja walio ndani kwa wakati mmoja ni kasi ya kuingia mara muda anaokaa kila mmoja. John Little aliithibitisha kanuni hii mwaka 1961, nayo inafanya kazi kwa foleni ya benki kama kwa foleni ya soketi, yaani ncha za miunganisho ya mtandao kwenye seva. Mteja wa ofisini mwenye faiba anauchukua ukurasa kwa sekunde 0.05, kwa hiyo walio ndani ni 20. Mzazi mwenye simu chini ya mnara uliosongamana, anayepata kilobaiti 20 kwa sekunde, anakaa sekunde 6, na walio ndani wanakuwa 2,400. Kazi ya prosesa haijaongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka mara 120 ni kusubiri.

Ndiyo maana jambo hili linatugusa sisi kuliko linavyowagusa waandishi wa miongozo tunayoinakili. Wao hupima seva kwa kompyuta iliyo kwenye rafu ya jirani. Wateja wetu wengi wako kwenye simu.

Kinachotokea ndani ya soketi

Kwa upande wa programu, soketi ni namba tu, deskripta ya faili. Nyuma ya namba hiyo kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, inatunza bafa (hifadhi za muda) mbili: moja ya data inayoingia, nyingine ya data inayotoka. Programu inapoita `read`, kerneli inanakili kilichomo kwenye bafa ya kuingia. Kama hakuna kitu, inamlaza aliyeita mpaka pakiti ifike. Inapoita `write`, kerneli inanakili data kwenye bafa ya kutoka. Kama imejaa, aliyeita analazwa mpaka nafasi ipatikane. Na nafasi haipatikani pakiti ikishatumwa. Inapatikana mteja akishathibitisha kwamba ameipokea. Kwa hiyo kasi ya simu ya mteja ndiyo inayoamua lini `write` itamaliza.

Kwenye Linux bafa ya kutoka huanza na kilobaiti 16 na kerneli huikuza yenyewe hadi megabaiti 4 ikiona mtandao unabeba. Mtandao ukiwa mwembamba, haikuzwi sana. Ukurasa wa kilobaiti 120 hautaingia wote kwa mkupuo, na programu itakaa hapo ikisukuma kidogo kidogo.

Mpango wa zamani ulikuwa kumpa kila mteja mchakato (process) wake au uzi (thread) wake. Apache, programu ya seva ya wavuti, katika mtindo wa prefork hufanya hivyo, na kikomo chake cha awali, `MaxRequestWorkers`, ni 256. Kama kila mchakato umebeba lugha ya PHP na unakula megabaiti 30, michakato 256 ni karibu gigabaiti 7.5. Ukitaka kuhudumia wale wateja 2,400 kwa njia hii, unahitaji gigabaiti 70 za RAM kwa kazi isiyojaza kiini kimoja. Na kuna `KeepAliveTimeout`: baada ya kumaliza kujibu, mchakato wa prefork hubaki sekunde 5 na mteja yule yule ukingoja kama atauliza kitu kingine. Sekunde 5 za mchakato mzima, hazina kazi yoyote ndani yake.

Nyuzi ni nyepesi kuliko michakato, na siungi mkono wanaozibeza. Mtindo ulio rahisi kusomeka una thamani yake. Lakini uzi wa kawaida wa Linux umetengewa megabaiti 8 za staki, na ingawa RAM halisi hutumika kwa kile kilichoguswa tu, bado kerneli inabidi ipange zamu za maelfu ya nyuzi ambazo karibu zote zimelala.

Kuuliza kerneli swali lililo sahihi

Suluhisho ni soketi isiyosubiri. Ukiweka alama ya `O_NONBLOCK`, `read` isipokuta data hairudi kulala. Inarudi papo hapo na jibu la `EAGAIN`, maana yake hakuna kitu sasa, rudi baadaye. Uzi mmoja sasa unaweza kushika maelfu ya soketi. Linalobaki ni kujua ni ipi iliyo tayari, na historia ya miaka 20 ya jambo hili imejikita kwenye swali hilo moja.

`select` ilikuja na 4.2BSD, toleo la Unix, mwaka 1983. Unaipa orodha ya biti, kila biti soketi moja, nayo inakurudishia zilizo tayari. Orodha hiyo ina biti 1,024, na ukiweka soketi yenye namba 1,024 au zaidi, programu inaandika nje ya eneo lake la kumbukumbu. Haitoi kosa, inaharibu kitu kingine kimyakimya, na seva inaanguka baadaye mahali pasipohusika. Wapo wanaohangaika siku nzima na hitilafu ya aina hiyo baada ya kupandisha `ulimit`, kikomo cha deskripta, bila kuangalia kama maktaba wanayotumia bado ina `select` ndani.

`poll`, mwito mwingine wa kazi hiyo hiyo, iliondoa kikomo hicho lakini si gharama. Kila soketi inachukua baiti 8 kwenye orodha, hivyo soketi 10,000 ni kilobaiti 80 zinazonakiliwa kwenda kerneli katika kila mwito, kisha kerneli inazikagua zote moja baada ya nyingine, hata kama zilizo tayari ni 3. Mwaka 1999 Dan Kegel aliandika makala iliyolipa tatizo hili jina, C10K: namna ya kuhudumia wateja 10,000 kwa mashine moja. Mfumo endeshi wa FreeBSD ulijibu kwa `kqueue` mwaka 2000. Linux ikapata `epoll`, ikaingia kwenye toleo la majaribio 2.5 mwaka 2002 na kufika kwa watu wote katika 2.6 mwishoni mwa 2003.

Kilichobadilika ni nani anayekumbuka. Kwa `epoll` unaisajili soketi mara moja kwa `epoll_ctl`, na kerneli inaitunza. Pakiti inapofika, kerneli yenyewe inaiweka soketi husika kwenye orodha ya zilizo tayari. `epoll_wait` inakukabidhi orodha hiyo tu. Ukiwa na soketi 10,000 na 3 zina data, unapata 3. Soketi iliyolala haikugharimu zaidi ya kumbukumbu yake ndani ya kerneli. Igor Sysoev alianza kuandika seva ya wavuti ya Nginx mwaka 2002 na kuitoa hadharani 2004 akiwa amejenga juu ya wazo hili: michakato michache, kwa kawaida mmoja kwa kila kiini, kila mmoja ukizungusha kitanzi cha `epoll_wait`.

Hapa ndipo wengi huishia wanapoeleza, na hapa ndipo matatizo halisi yanapoanza. Kitanzi cha matukio ni kifupi kukiandika na kigumu kukiandika sawasawa.

Tukianza na `write`: kwenye soketi isiyosubiri inaweza kuchukua sehemu tu ya ulichoipa. Ukiipa kilobaiti 120, inaweza kurudisha 46,336 na kukuachia zilizobaki. Programu isiyoangalia namba hiyo hutuma ukurasa uliokatwa, na kwa kuwa kwenye mtandao wa haraka bafa hukua na kumeza zote, majaribio ya ofisini hupita. Hitilafu inaonekana kwa wateja wa simu peke yao.

Kinachofuata ni kujua lini uombe taarifa ya kuandika. Soketi karibu kila wakati iko tayari kuandikiwa. Ukisajili `EPOLLOUT` tangu mwanzo katika hali ya kawaida, `epoll_wait` itarudi mara moja kila unapoiita na prosesa itapanda hadi asilimia 100 bila kazi. Andika kwanza, ukipata `EAGAIN` ndipo usajili `EPOLLOUT`, na ukimaliza data uiondoe.

Kuna pia hali ya `EPOLLET`, ambayo hukupa taarifa mara moja tu hali inapobadilika. Inapunguza miito, lakini inakulazimisha usome mpaka `EAGAIN`. Ukisoma kilobaiti 4 na kuacha 2 ndani ya bafa, hutaambiwa tena mpaka mteja atume kingine, na mteja naye anasubiri jibu lako. Muunganisho unaganda, hakuna kosa kwenye faili za kumbukumbu (log) za seva, na mteja anaona duara linazunguka. Kwa anayeandika kitanzi chake cha kwanza, ushauri wangu ni kutoigusa.

Hitilafu nyingine inapendeza kuichunguza kwa sababu ya ujanja uliotumika kuizuia. `epoll_wait` imekuletea matukio 20 kwa pamoja. Ukishughulikia la 5, unaifunga soketi namba 31. La 6 ni mteja mpya. Unamkubali, na kerneli inampa namba ndogo iliyo wazi, 31. La 12 lilikuwa la ile 31 ya zamani. Sasa unalishughulikia kama la mteja mpya. Nginx huzuia hili kwa biti moja inayofichwa mwishoni mwa anwani ya kumbukumbu iliyosajiliwa: kila muunganisho unapotumika upya biti hiyo inageuzwa, na tukio lenye biti ya zamani linatupwa.

Na deskripta zikiisha? Kikomo cha kawaida kwa mchakato ni 1,024. `accept`, mwito wa kumpokea mteja mpya, inarudisha kosa la `EMFILE`, lakini mteja anabaki kwenye foleni, kwa hiyo `epoll_wait` inasema tena kuna mteja, `accept` inashindwa tena, na kitanzi kinazunguka kwa kasi yote huku wateja walio ndani wakikosa huduma. Nginx huacha kupokea wateja kwa milisekunde 500 kisha hujaribu tena. Libuv, maktaba iliyo chini ya Node.js (jukwaa la kuendesha JavaScript kwenye seva), hutunza deskripta moja ya akiba; zikiisha, huifunga, humpokea mteja, humfunga, kisha huirudisha akiba.

Baada ya yote hayo, adui mkubwa wa kitanzi ni kitu chochote kinachokisimamisha. Mchakato mmoja una wateja 2,000. Hesabu moja ya milisekunde 200 inawasimamisha wote 2,000. Kutafuta anwani ya jina la tovuti (DNS) kwa `getaddrinfo` hulaza uzi. Kusoma faili kwenye diski hulaza uzi, na `epoll` haisaidii hapo kabisa: ukijaribu kusajili faili la kawaida inakataa kwa `EPERM`. Kwa sababu hiyo Nginx iliongezewa kundi la nyuzi za kusomea diski mwaka 2015, na ndiyo maana Node.js ina nyuzi zake 4 za pembeni kwa kazi za namna hiyo.

Mpangilio unaofaa kwa wateja wa simu

Kutoka hapo hitimisho langu ni hili: usiiache programu yako ya PHP, Python au Java ikutane na simu za watu moja kwa moja. Weka mbele yake seva ya kitanzi inayomeza jibu lote na kuachia programu mara moja. Tukirudi kwenye hesabu yetu: PHP ikichukua milisekunde 20 kutengeneza ukurasa, pamoja na kusubiri hifadhidata, maombi 400 kwa sekunde yanahitaji michakato 8 tu. Wale 2,400 wanaosubiri wanashikwa na Nginx.

Lakini angalia ukubwa wa bafa. Bafa za awali za Nginx ni 8 za kilobaiti 4 au 8 kila moja kutegemea mashine. Hata zikiwa za 8 ni kilobaiti 64 tu, ukurasa wetu wa kilobaiti 120 hautoshei, na kilichozidi kinaandikwa kwenye faili la muda kwenye diski, kwa kila mteja. Weka `proxy_buffers 16 8k`, au `fastcgi_buffers` kama PHP inaendeshwa kwa PHP-FPM, upate kilobaiti 128. Kwa wateja 2,400 hizo ni megabaiti 300, ambazo seva ndogo kabisa inazimudu. Kumbuka pia kwamba `worker_connections` inahesabu pande zote mbili, mteja na programu ya nyuma, na thamani ya awali ni 512. Ipandishe pamoja na `worker_rlimit_nofile`, la sivyo utagonga kikomo cha deskripta kabla.

Matokeo ya mtihani yenyewe hayabadiliki yakishatoka. Kuyatoa upya kwenye hifadhidata kwa kila mzazi hakuna sababu. Yaandike kama faili za HTML, yabane mapema, washa `gzip_static` ili Nginx itume faili zilizokwisha kubanwa, na PHP isihusike kabisa. Majedwali ya majina na alama hubanwa vizuri sana, na kila kilobaiti uliyoipunguza ni muda ambao mteja hakai kwenye foleni.

Watu husifu `sendfile` kwa kazi hii, na kweli ni nzuri: kerneli inapeleka faili kutoka kache yake hadi kwenye soketi bila kupitisha data kwenye programu. Ila kwa HTTPS inabidi data isimbwe kwanza, na usimbaji hufanyika ndani ya programu. Bila TLS (usimbaji wa HTTPS) ya ndani ya kerneli, ambayo Linux iliipata katika toleo 4.13 na Nginx ikaanza kuitumia kuanzia 1.21.4, mstari wa `sendfile on` kwenye tovuti ya HTTPS haufanyi lolote.

Foleni ya kuingilia nayo inahitaji jicho. Miunganisho iliyokamilika ikisubiri `accept` hukaa kwenye foleni yenye kikomo, ambacho ni kidogo kati ya ulichoomba kwenye `listen` na `net.core.somaxconn`. Thamani hiyo ilikuwa 128 hadi Linux 5.4 ilipoipandisha kuwa 4,096. Ukiandika `ss -lnt`, safu ya Recv-Q inaonyesha waliopo na Send-Q inaonyesha kikomo. `nstat -az TcpExtListenOverflows` inahesabu walioachwa nje. Dalili kwa mteja ni ukurasa unaochelewa kwa sekunde nzima nzima, 1 au 3, kwa sababu pakiti imetupwa na simu imengoja kabla ya kurudia. Ucheleweshaji wa namna hiyo karibu kamwe hautoki kwenye hifadhidata.

Kuna ushauri mmoja wa zamani ambao bado unanakiliwa: kuwasha `tcp_tw_recycle` ili kupunguza soketi zilizo katika TIME_WAIT, yaani zilizofungwa lakini kerneli bado inazishikilia kwa muda. Usifanye. Kampuni za simu huweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja ya IP, na mpangilio huo ulilinganisha alama za muda za simu tofauti kana kwamba ni mashine moja, ukatupa miunganisho halali ya watu. Uliondolewa kwenye Linux 4.12 mwaka 2017. Ukiukuta kwenye faili la `sysctl` (mipangilio ya kerneli), basi faili hilo ni la zamani na mengine yaliyomo yanahitaji kukaguliwa. Kwa kuwa wateja wengi wako nyuma ya IP moja, `limit_conn` ya miunganisho 10 kwa kila IP ni kuwafungia mlango wateja wa mtaa mzima.

Badala yake punguza muda. Shambulio la Slowloris, lililotangazwa mwaka 2009, lilionyesha kwamba mtu mmoja anaweza kuiangusha seva ya prefork kwa kutuma kichwa cha ombi kipande kwa kipande bila kumaliza. `client_header_timeout` ya Nginx ni sekunde 60. 15 zinamtosha hata mteja wa mtandao dhaifu. Ila `send_timeout` usiikaze sana. Haipimi muda wa jibu zima bali nafasi kati ya maandiko mawili, na simu inayohama mnara inaweza kunyamaza sekunde kadhaa.

Kuhusu `io_uring`, iliyoletwa na Jens Axboe katika Linux 5.1 mwaka 2019: badala ya kuuliza soketi ipi iko tayari, programu inaandika kazi kwenye foleni ya duara inayoshirikiana na kerneli, na kerneli inarudisha matokeo kwenye foleni ya pili. Inapunguza miito na, tofauti na `epoll`, inashughulikia diski pia. Ni kazi nzuri ya kihandisi. Lakini mwaka 2023 Google ilitangaza kuizuia kwenye seva zake kwa sababu ya mianya ya usalama, baada ya asilimia 60 ya mashambulizi yaliyowasilishwa kwenye mpango wake wa zawadi kwa wanaogundua mianya kupitia humo. Kwa tovuti inayohudumia wateja elfu chache wa simu, `epoll` haijawa kikwazo.

Kikwazo cha kweli ni upimaji. Kupima kwa `ab` au `wrk`, zana za kutuma maombi mengi kwa seva, kutoka kwenye mashine ya jirani kunapima prosesa, na tumeona prosesa si tatizo. Iga mtandao wa mteja kwenye seva ya majaribio: `tc qdisc add dev eth0 root netem delay 200ms rate 100mbit limit 10000`. Kasi hiyo ni ya kiolesura kizima, kwa hiyo tuma wateja 500 kwa pamoja na kila mmoja atapata kama kilobiti 200. Usisahau `limit`: ya awali ni pakiti 1,000, na megabiti 100 zenye ucheleweshaji wa milisekunde 200 zinashika zaidi ya pakiti 1,600 njiani, hivyo utakuwa unapima pakiti zinazotupwa na netem yenyewe. Wakati jaribio linaendelea, fungua dirisha la pili na utazame `ss -tn`. Soketi zenye Send-Q kubwa ni wateja wanaopokea polepole. Kama idadi ya michakato ya PHP inapanda pamoja nazo, bafa za mbele hazifanyi kazi yake.